Matawi Yamefungwa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na asubuhi hiyo ulikuwa umejaa pomoni kwa watu watatu tu, maana Injinia peke yake anakalia nafasi ya wawili. Injinia ni fundi baiskeli. Jina hilo alijipa mwenyewe. Ubavuni pake alikaa Wakili, muuza magazeti, ambaye husoma vichwa vya habari tu na kubishana kana kwamba amesoma mpaka ndani. Mwisho wa ubao alikuwa Redio. Kazi ya Redio haijulikani, ila habari zote za mtaa hupita kwake kwanza, na nyingine zikitoka hapo zinachechemea. Mama Birika alikuwa akimimina kahawa. Kinyozi mwenyewe hakukaa. Alisimama na mkasi mkononi, mteja hana, macho yote kwenye nyumba yake ng'ambo ya njia, roho juu juu. Mama yake alikuwa anatoka hospitali siku hiyo, kwenye kiti cha magurudumu, na hapakuwa na pa kumpitisha.

Na hakuna wa kumlaumu, mambo kayafanya mwenyewe. Kwa mapenzi ya mama, alikata michongoma yote iliyobana lango ili kiti kipite, halafu akairundika palepale langoni. Kwa mapenzi hayohayo akalitoa chumbani kabati la milango mitatu, lililokwisha kuliwa na mchwa, ili kiti kipate nafasi ya kugeuka. Kabati likafika ukumbini, likakwama na kuziba njia. Hata paka wa nyumba hiyo siku hizi anapitia dirishani. Yote aliyafanya akijua kwamba leo ndiyo siku ya gari la takataka kubwa. Sasa Redio alikuwa amekuja na habari.

— Hebu rudia, Kinyozi alisema. Gari haliji?

— Haliji! Nimesikia kwa masikio yangu haya. Jana jioni gari la kipaza sauti limepita pale kona. Wananchi hivi, takataka kubwa vile, kelele nyingi, mimi niko mbali kidogo. Lakini mwisho nimelipata vizuri kabisa: matawi yote yafungwe!

— Matawi ya nini?

— Ya ofisi, jamani! Manispaa si ina ofisi? Ofisi si zina matawi? Basi, yote kufuli. Sasa matawi yakifungwa, gari atalituma nani?

Kinyozi aligeuka kulitazama rundo langoni kwake. Wenzake, ndio kwanza macho yakawang'aa.

— Nilijua! Wakili aliupiga ubao kofi, vikombe vikaruka. Hii ni kesi ya mipaka. Sisi hapa tuko tawi la juu au la chini? Hakuna anayejua. Wamegombana wee, wakaona heri kufunga yote.

— Mipaka gani, acha wewe! Injinia alidakia. Ni gari. Gari lenyewe limekufa. Fikirini, gari zima limelala pale uani kwao. Hiyo sasa ni nini?

— Ni gari bovu.

— Ni takataka kubwa! Na takataka kubwa inachukuliwa na nini? Na gari! Na gari ndilo hilohilo! Hapo akili zao ziligota, bwana. Wakafunga milango, wakaenda kulala.

Wakacheka mpaka Mama Birika akasogeza jiko lake wasije wakalipiga teke. Redio akaona anapokonywa habari yake.

— Ninyi hamjui kitu. Kuna mashine mpya. Unaingiza kabati huku, kule unatoka unga. Wafanyakazi wote wameitwa kujifunza kuiendesha, ndiyo maana matawi yamefungwa.

— Unga? Injinia alisema. Basi kabati la Kinyozi halihitaji mashine, mchwa wameshafika nusu.

— Jamani, Kinyozi alisema, mimi nina mama!

Simu yake ikalia. Alikuwa dada yake, sauti imejaa furaha. Wameruhusiwa mapema. Mama keshavaa, keshaaga wauguzi wote, wako ndani ya teksi. Njia iko wazi?

— Iko... eeh, iko wazi, Kinyozi akasema, na papo hapo akajiona mwongo na mjinga kwa mpigo. Alikata simu. Wanakuja!

Hapo kijiwe kikapandwa na mori.

— Kabati tulitupe barabarani! Injinia alisema.

— Thubutu! Wakili akainua kidole. Kitu kikubwa barabarani bila gari la kukichukua, faini. Nimeliona gazetini.

— Umeona kichwa cha habari tu!

— Kichwa ndicho chenye macho!

— Nisikilizeni mimi, Redio alisema, amesimama juu ya ubao kabisa. Kitu ukikitupa, hakuna anayekitaka. Tunalitoa kabati, tunaliandika "Haliuzwi", tunaweka mlinzi. Mlinzi anajifanya kusinzia. Haipiti saa moja, limeibwa!

— Na michongoma?

— Hiyo nayo tunaiandika "Haliuzwi".

— "Haiuzwi", Wakili alimsahihisha.

— Acheni maneno ya kitoto! Injinia alikuwa anatoka jasho. Mimi nina magurudumu. Kabati tunalifunga magurudumu manne, linatoka lenyewe kama bwana harusi. Tena kwa nini tulitupe? Mama tunampandisha humohumo! Anakaa ndani, mlango wa kati wazi apate hewa, anazunguka mtaa mzima anasalimia watu!

— Mama yangu umtie kabatini? Kinyozi alimwendea na mkasi mkononi. Mama yangu?

— Na hewa apate, nimesema!

— Mwanamke ameugua mpaka nimekata tamaa, leo Mungu kamrudisha, wewe unamtia kwenye kabati la mchwa!

Alitaka kulia, akaona haya, akajifanya anapuliza nywele kwenye mkasi. Injinia akainamisha kichwa. Alikuwa na nia njema, maskini, ila nia yake huwa na magurudumu.

Ndipo akatokea mtu mgeni, pande la mtu, buti za mpira miguuni na glavu nene mikononi.

— Samahani, wakubwa. Nyumba ile yenye michongoma ni ya nani?

— Yangu, Kinyozi alisema.

— Matawi mmefunga?

Redio akarukia.

— Si mmefunga ninyi! Tumesikia jana!

— Sisi? Sisi tufunge matawi yenu?

— Matawi yenu! Ya manispaa!

Yule mtu aliwatazama mmoja mmoja kama anayetafuta mwenye nafuu.

— Manispaa ina matawi gani, ndugu yangu? Haina hata mti mmoja. Matawi ni yale pale langoni. Tumetangaza yafungwe kwa kamba, mafungu mafungu. Yakiwa ovyo hivyo hatupakii, yanatuchoma na yanadondoka njiani. Na kama kuna makabati, yafike barabarani, maana sisi ndani ya nyumba ya mtu hatuingii. Fanyeni haraka, gari liko hapo kona na dereva wetu hana subira.

Alivyosema hivyo, honi ikalia, honi ya lori haswa, mpaka kuku wakaruka ua.

Wote wakamgeukia Redio. Redio alipeleka kikombe mdomoni na hakikuwa na kitu.

— Mimi nilikuwa mbali kidogo, akasema.

— Kamba! Kinyozi alipiga ukelele. Nani ana kamba?

Injinia alikuwa na mipira ya baiskeli tele, lakini karakana ilikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao mkewe sokoni. Kamba ya Kinyozi ya kuanikia nguo ilikuwa uani, na kabati limeziba njia ya kufika huko. Honi ikalia tena. Kinyozi hakungoja ya tatu. Alifyatua mkanda wake kiunoni, akaruka njia, akalivamia rundo na kufunga fungu la kwanza, miiba ikamchana mikono na wala hakuisikia.

— Mikanda! akaita. Vueni mikanda!

Wakavua. Mkanda wa Injinia peke yake ulifunga fungu linalotosha boma la mbuzi. Wa Wakili ulikuwa mfupi lakini mgumu. Redio, kwa aibu, alivua wake na kuongeza kamba za viatu. Mama Birika akatupa tambara la kushikia birika, likafunga fungu la mwisho. Kisha wakaingia ukumbini wote kwa pamoja, wakalivaa kabati.

— Inua!

— Upande wako!

— Upande wangu uko ukutani!

— Sukuma, Injinia, kwa hilo tumbo!

Injinia akasukuma kwa hilo tumbo. Kabati lililia, likadondosha mlango mmoja, Redio akaubeba, likatoka mpaka nje, vumbi la mchwa limewafanya wote weupe. Yule mpakizi na wenzake wakalipokea juu kwa juu, mafungu yakafuata, lori likanguruma na kuondoka. Wakapiga vigelegele, wanaume wazima. Wakakumbatiana. Wakili alimbusu Redio kwenye kipara.

— Mikanda! Redio akashtuka. Mikanda yetu!

Lakini lori lilikuwa limekwishakata kona, na ilipoingia teksi hakukuwa na muda wa kulikimbiza.

Dada mtu alishuka, akafungua kiti. Mama akakalishwa taratibu, amekonda, shingo ni ya mtoto, lakini macho yaleyale. Kinyozi alishika kiti kwa mkono mmoja na kukisukuma. Kikapita langoni bila kugusa kitu. Kikapita ukumbini, kikaingia chumbani, kikazunguka duara zima, na Kinyozi akaachia machozi yatoke, hakujali tena nani anamwona.

Mama akataka kurudishwa nje kidogo, apate jua. Wale watatu walikuwa wamejipanga pembeni ya njia, weupe kwa vumbi, wamenyooka.

— Shikamoo, mama! wakasema kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu.

Aliwatazama Injinia, Wakili na Redio. Akageuka, akamtazama na mwanawe.

— Mbona wote mmeshika suruali?

Kinyozi alimtazama Wakili, Wakili akamtazama Injinia, wote wakamtazama Redio, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kiwe kijiwe, Redio hakuwa na habari.