Sahani ya Ismael: Maisha ya Edelmira Bentancor

Dada yetu Edelmira Bentancor, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa Paysandú, mtoto wa pili wa mzee Casiano, fundi wa reli, na mama Petrona, akasoma shule ya mtaani hadi 1944, kisha akajifunza telegrafu, na tarehe 1 Juni 1949 akaajiriwa stesheni, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 1986.

Huko alijiunga na wenzake waliokuwa wakijitungia lugha mpya yao wenyewe, Lerema, watu wakiwacheka kwamba Kihispania kimewashinda, naye akijibu kwamba Kihispania kina wenyewe wengi, hii Lerema isipotunzwa na wao itatunzwa na nani.

Alifunga ndoa na Nicanor Olaizola, fundi viatu, tarehe 14 Februari 1953, wakajaliwa Nélida mwaka 1954 na Ismael tarehe 3 Agosti 1956, na ni huyu Ismael aliyekuwa akigonga meza akidai «bime, bime» kila aonapo chakula, hata mama yake akalizaa neno la Lerema la sahani, bimela ikiwa ipo mezani, bimelu ikiwa inamngoja mtu, bimelo ikiwa mwenyewe harudi tena, na kwa desturi yao neno lina mama yake, yule aliyelitunga, wala hakuna mwingine aruhusiwaye kulitamka kwa mwisho huo wa tatu kabla yake.

Tarehe 22 Aprili 1976, enzi za utawala wa kijeshi, watu wenye silaha walimchukua Ismael, hatukumwona tena, wala kaburi hatukuonyeshwa, na tangu siku hiyo Edelmira alimpakulia kila mchana, akisema bimelu, Nicanor akafa mwaka 1999 akimsihi aliseme lile la tatu apumue, nasi nduguze tukamsihi pia, akatuambia tukale kwetu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana, na Ijumaa tarehe 17 Julai 2009, asubuhi, alimwambia binti yake, «Nélida, mwanangu, kaoshe sahani ya mdogo wako, uiweke kabatini,» kisha akatamka bimelo mbele yetu, akafariki saa sita mchana, nasi tuliolingoja neno hilo miaka yote tulipolisikia tulitamani angenyamaza, maana ni yeye peke yake aliyekuwa bado akimngoja mtoto yule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na wenzake wawili wa stesheni waliobaki, ambao nao ni wagonjwa lakini wamefika.

Pumzika kwa amani, Edelmira, sahani tumeiosha.