Ndama Niliyempitisha Kabla ya Kipimo

Kamwene, ndugu zangu. Nimeomba nafasi hii ya ushuhuda nikiwa na hofu, na hofu hiyo sijaimaliza.

Mnajua utaratibu wa kikundi chetu: unapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na ndama wake wa kwanza wa kike unampitishia mwenzako. Nami nilipofiwa na mume wangu nilipewa. Ndama nikampeleka kwa mjane mwenzangu wa kijiji cha Matembwe, kichwa changu kikiwa juu.

Jumatano ya Majivu mwaka huu, watafiti wa magonjwa ya mifugo walipita kijijini wakachukua damu ya ng'ombe wangu. Jumanne iliyofuata Pasaka, daktari wa mifugo akaleta majibu: ng'ombe wangu amezaliwa na vinasaba vinavyomfanya awe mwepesi wa kupata kichaa cha ng'ombe, ugonjwa unaotoboatoboa ubongo na usio na dawa.

“Ni mgonjwa?” nikamwuliza.

“Damu hii haisemi hilo, mama. Inasema tu kwamba ugonjwa ukimfikia, utampata kirahisi. Nao hupitia kwenye chakula, hasa unga wa mifupa na nyama ya ng'ombe.”

Ndugu zangu, nilikwenda kulitazama gunia langu la chakula cha ng'ombe. Unga wa mifupa nimeuchanganya na pumba miaka yote. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na mtoto mgongoni, nikabaki kumwuliza daktari swali lile lile. Ng'ombe akiteleza kwenye tope, namkimbilia kumtazama miguu. Akitikisa kichwa kufukuza nzi, naona kichaa. Maziwa nikayamwaga, ingawa daktari alisema hayana shida.

Akaja mnunuzi wa ng'ombe kutoka Makambako. “Mama, niuzie leo. Kesho yuko buchani, nani atajua?”

“Watakaomla ni watu,” nikamjibu.

Akacheka. “Haya, baki naye muogopane.”

Lakini kilichonitesa zaidi kilikuwa Matembwe. Yule ndama alikuwa amekua, tena ana mimba. Jumamosi ya kuamkia Pentekoste nikaenda. Nilimkuta mwenzangu akikata majani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi nitanyamaza. Akaendelea kukata.

“Dada,” akasema, “ulinipa ndama, sasa umeniletea na hofu yake?”

“Ndiyo. Ni yako pia.”

“Basi shika mundu. Tukimaliza majani haya tunakwenda kwa daktari pamoja.”

Hapo ndipo nilipoanza kula tena. Mtamba wake alipimwa, naye amerithi vinasaba vile vile. Unga wa mifupa tumeuacha. Ng'ombe wote wawili wanakula na kutembea vizuri, lakini kilichokwisha kuliwa hatuwezi kukitoa.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari asiyechoka na maswali yangu, na dada yangu yule aliyenipa mundu badala ya matusi. Nilichojifunza ni hiki: zawadi ipitishwe pamoja na habari zake zote.

Mtamba wa Matembwe anakaribia kuzaa. Anayesubiri ndama huyo ameketi humu. Sikutaji, dada. Akiwa jike tutampima kwanza, kisha utachagua ukijua. Na ukimkataa, nitakuwa wa kwanza kukushika mkono.