Blanketi la Redio

Ngurumo ya kwanza ilimwamsha nesi aliyekuwa akisinzia ndani ya basi baada ya zamu. Kwenye kiti cha mbele yake, bibi mmoja alikuwa amepakata redio kama mjukuu, na pembeni yake fundi mwenye bisibisi mfukoni alikuwa anaikagua kwa macho.

"Ilikuwa inaumwa nini?" fundi aliuliza.

"Radi, mara ya pili. Sasa imepona."

"Mama, wingu likitanda, chomoa waya wa umeme na wa antena. Radi hupitia humo."

"Mzee wangu huifunika blanketi."

"Blanketi halizuii radi."

"Najua, mwanangu. Lakini akishaifunika, upande unaobaki hunifunika mimi, tukakaa hivyo hadi mvua ikatike. Nikimwambia ni kazi bure, si ataacha yote?"

Fundi alikuna kichwa. Nesi, ambaye nyumbani kwake redio ilikuwa nzima na blanketi lilimtosha peke yake, alijikuta amesogea mbele asikilize vizuri.

"Basi chomoa mwenyewe kimyakimya," fundi alisema, "kabla mzee hajaleta blanketi."

Basi likasimama. Bibi alishuka upesi kuliko umri wake, redio kwapani, akilitazama wingu kama mgeni aliyemwalika mwenyewe.