Kupima Kioo kwa Wembe

Shikamooni wazee wangu. Ninyi wengine, poleni na safari. Mtaniruhusu niongee nimekaa, mguu huu bado haujawa wangu sawasawa.

Hapa Dongobesh wengi mnanijua kama mwalimu wa fizikia. Kabla sijaugua nilikuwa nasaga kioo cha darubini, ili wanafunzi wautazame mwezi. Unasugua kioo juu ya kioo kwa unga mkali na maji, miezi na miezi, mpaka kimoja kiingie ndani kidogo kama sahani. Kilikuwa kinakaribia kukamilika. Asubuhi moja nikiwa nanyoa ndevu, mkono wa kulia ukaanguka, mdomo ukaenda upande. Kiharusi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilichoka. Kulishwa uji, kufungwa vifungo vya shati. Wanafunzi walikuja kuniamkia, nikageukia ukutani. Nikamwambia mke wangu, "Kile kioo katupe." Alikifunga kwenye kanga, akakiweka stoo.

Mtaalamu wa mazoezi akaniagiza nisugue meza kwa kitambaa, mbele na nyuma. Nilisugua kwa hasira. Mke wangu akanitazama, akasema, "Baba, si ndivyo ulivyokuwa unasugua kioo?" Akakileta.

Basi tukawa tunasugua, kiganja chake juu ya changu. Polepole mno. Siku nyingine usingizi ulinichukua palepale kwenye kiti.

Kazi ikakwama kwenye kupima. Unaweka taa nyuma ya bati lenye tundu dogo kama la sindano. Mwanga unakwenda kwenye kioo, unarudi kwenye jicho lako. Hapo unausogezea wembe uukate kidogo kidogo. Kama kioo kina kosa, hata dogo lisiloguswa kwa kidole, utaliona limesimama kama kilima. Lakini wembe hautaki mkono unaotetemeka. Nilijaribu wa kulia, kivuli cha wembe kikacheza. Wa kushoto ukaangusha taa. Nikakaa sakafuni mle stoo, mchana, blanketi limeziba dirisha, nikalia.

Mke wangu akaiokota taa. "Niambie nitazame nini."

Nikamwambia. Akakaa, akasogeza wembe.

"Katikati pamevimba," akasema. "Kama andazi."

"Hicho ndicho kilima. Tusugue hapo."

Tukasugua, tukapima, tukasugua tena. Kilima kikahamia pembeni, tukakifuata. Mwishowe siku moja akasogeza wembe, akaurudisha, akausogeza tena.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Giza linaingia taratibu, kote sawa."

"Tazama tena."

"Nimetazama. Njoo wewe."

Akanishika bega, nikaweka jicho, yeye akasogeza wembe. Kijivu laini, kioo kizima, hakuna kilima. Nilihisi nimerudi kuwa mtu mwenye kazi.

Sijapona, sitawadanganya. Na kioo bado hakijapakwa fedha ya kukifanya king'ae. Ila wanafunzi wakija sasa, nageuka kuwatazama.

Namshukuru jirani aliyenibeba kunipeleka hospitali, na yule mtaalamu aliyevumilia hasira zangu. Wanafunzi waliorudi ingawa niliwapa mgongo, Mungu awabariki. Mke wangu yupo pale nyuma, hapendi kutajwa.

Ninyi mnaoanza safari hii ya kiharusi, mkono ukikataa, mwambieni mtu wa nyumbani kwenu atazame nini. Mimi niliona aibu kuomba jicho la mwingine, na aibu ile ilinichosha kuliko kiharusi chenyewe.