Klementina Maduhu, Dada wa Nyanjige Peke Yake

Marehemu Klementina Maduhu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 katika kijiji cha Nkololo, Bariadi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Maduhu na Mama Specioza. Mtoto wa pili na wa mwisho ni Nyanjige, anayesoma wasifu huu. Ieleweke mapema kwamba hapakuwa na wa tatu, ingawa tangu juzi hapa msibani wamejitokeza wadogo zake wengi.

Chakula kikiwa kidogo, mama yao aligawa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mafungu mafungu, na Klementina akageuzwa aangalie ukuta. Mama alishika fungu na kuuliza, "Hili la nani?" naye akataja jina bila kuona. Nyanjige alilia karibu kila siku kwamba ametajiwa fungu dogo. Klementina hakuwahi kugeuza shingo achungulie, na hilo lilimuudhi mdogo wake kuliko njaa yenyewe.

Alisoma shule ya msingi Nkololo mwaka 1989 hadi 1995, akamaliza sekondari Bariadi mwaka 1999, na mwaka 2003 akahitimu uuguzi jijini Mwanza. Tarehe 9 Septemba 2006 alifunga ndoa na Mwalimu Method Shigela wa Nyashimo. Nyanjige alimnunia shemeji yake mwaka mzima kwa kosa la kumchukua dada. Ng'ombe wa mahari walikuwa wazuri, hilo lisemwe.

Kuanzia mwaka 2015 marehemu alifanya kazi katika utafiti uliolinganisha njia mbili za kuziba tundu la moyo ambalo mtoto huzaliwa nalo: kumpasua kifua, au kupitisha kifaa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo. Njia ya kila mtoto ilipangwa na kompyuta kwa bahati, si na daktari wala muuguzi. Kina mama wa Mwandoya na Lamadi aliwaeleza kwa mfano wa mafungu ya michembe, na wote walimwelewa isipokuwa mdogo wake.

Sayi, mtoto wa Nyanjige, alikuwa na tundu hilo. Siku moja kabla ya kupangiwa, Nyanjige alimpelekea dada yake jogoo mkubwa, akiamini mambo yatanyooka. Jogoo aliliwa, na Sayi akapangiwa kisu. Siku hiyohiyo Mwandu, mtoto wa Anjela wa Lamadi, akapangiwa mshipa, akarudi kwao upesi bila kovu kifuani, huku Sayi akiwa bado kitandani na bandeji. Nyanjige alimtazama mama yule akifunga mizigo, akamwonea kijicho.

"Una watu humo ndani," alimwambia dada yake, "umeshindwa kumchagulia mtoto wangu?"

"Ningejua iliyo bora ningempa kila mtoto," Klementina alijibu. "Hatujui, Nyanjige. Ndiyo maana tunalinganisha."

Nyanjige hakuamini. Wivu ulizidi pale marehemu alipoanza kuwafuatilia watoto majumbani, maana kila akienda Lamadi alilala kwa Anjela, akala samaki sato, na Mwandu akawa anamwita mayu, yaani mama. Bariadi kwa mdogo wake alipita akiwa ameshashiba.

Mwezi Mei 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi. Aliombwa aingie katika utafiti mwingine, uliolinganisha dawa zilizozoeleka na dawa hizohizo zikiongezewa mpya. Alikubali, akapangiwa zile zilizozoeleka. Nyanjige alimsihi aongee na wenzake wambadilishie, kwani ni nani angejua.

"Kwa Sayi sikuchungulia," dada yake alimwambia. "Nikichungulia kwa ajili yangu, utakuwa na haki ya kuninunia maisha yako yote."

Nyanjige alilia, na hakurudi tena kulisema suala la Sayi. Wivu wenyewe haukuisha, ulihamia kwa Anjela, aliyekuwa anakuja na samaki na kukaa kichwani pa kitanda, mahali pa ndugu. Marehemu aliwatazama wote wawili wakigombea kumwosha miguu, akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki dunia tarehe 3 Machi 2025, alfajiri, mjini Bariadi. Majibu ya utafiti wa dawa zile hayajatoka. Yale ya watoto yalitoka akiwa hai: katika utafiti wao, waliopasuliwa na waliopitishiwa mshipa walikwenda sawa. Sayi na Mwandu wako hapa, na jana walitimua vumbi uwanjani kwa mpira hadi wakafukuzwa.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Method, watoto wawili, Georgina na Thomas, mama mzazi, na mdogo mmoja. Ameacha pia watoto wengi waliozibwa tundu la moyo, wanaomwita mayu, na familia imekubali waitwe hivyo hivyo. Shada la watoto hao litawekwa na Sayi na Mwandu, walishike pamoja. Anjela atakaa benchi la familia. Nafasi ya karibu na jeneza ni ya Nyanjige, na hiyo haikupangwa kwa bahati.

Dada, zamu yako imekwisha. Geukia ukutani ulale, hakuna atakayekuuliza tena hili ni la nani. Pumzika kwa amani.