Spika Zilizompa Bi Jalila Mgongo

Kwenye foleni ya feri Likoni, mbele yangu, Bi Jalila mwimba taarabu alikuwa ameshika kiuno, akimkaripia fundi wake wa mitambo ya muziki. "Ukasha, zile spika za sakafuni ni zangu, nijisikie ninavyoimba. Jana kwenye kupamba bibi harusi zimenipa mgongo, zimewatazama wageni! Nimepotea katikati ya wimbo mbele ya Mtopanga nzima."

"Wallahi, mamangu, nilizielekeza kwako. Kisha wanawake wakaingia, nikatolewa. Nyuma ya pazia naona nini?"

"Basi nani kazigeuza?"

"Mama wa bwana harusi. Kasema mwimbaji kaletwa kuimba, hakuletwa kusikiliza."

Nilikohoa, nisicheke. Hata mimi ningezigeuza.

"Leo alasiri tuna shughuli Bamburi, na ni wanawake peke yao vilevile. Nikipotea tena, nani ataniita? Mlete mkeo Nusaiba akae ndani azilinde."

Ukasha alitazama viatu vyake. "Mamangu, jana Nusaiba ndiye aliyemsaidia mama huyo kuzigeuza."

Bi Jalila akafungua mdomo, lango nalo likafunguliwa. Umati ukatusukuma, nikampoteza kabla hajatamka. Feri siku nyingine huchelewa saa nzima; leo ikajifanya ya Ulaya.