Justa Ndalahwa, Aliyetupima Huruma Naye Akajipima

Tarehe 30 Juni 1998, Muuguzi Justa Ndalahwa anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na miwili. Alitokea Magu akiwa binti mwembamba, akapangiwa wodi ya wanaume, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona akitembea polepole. Sisi wanafunzi wake tulimfuata mbiombio huku kofia zikituanguka. Sindano yake mtu alikuwa anaulizia itachomwa lini, kumbe imeshachomwa.

Kazi itakayokumbukwa zaidi aliifanya mwaka 1994. Wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia matibabu, zahanati za watu binafsi zinachipuka kila mtaa, na bodi ikataka kujua wagonjwa wanatuonaje: je, tuna huruma? Daktari wetu, Deodatus Lwakatare, akabuni kipimo. Kila mhudumu awe na kopo lake, na mgonjwa anayeruhusiwa apewe punje tano za mahindi, atie koponi kadiri alivyoonewa huruma.

Makopo yalijaa pomoni. Daktari akatangaza kwamba sisi sote ni malaika. Jamani, huku kwetu Usukumani nani atakupimia nafaka pungufu mbele ya macho yako? Bibi mmoja wa Nansio aliona punje tano ni aibu, akarudi na karanga za kuongezea. Justa ndiye aliyeshtuka, maana hata kopo la muuguzi aliyekuwa likizo mwezi mzima lilikuwa limejaa.

Basi akavua sare, akajifunga kitenge, akakaa nje ya geti. Waliokuwa wakitoka aliwauliza jambo moja tu, kwa Kiswahili au Kisukuma: mama yako akiugua, ungemwacha mikononi mwa nani, na kwa nani usingethubutu? Hapo ndimi zikafunguka. Daktari Lwakatare alisifiwa kwa sababu huketi kitandani na kumsikiliza mgonjwa mpaka mwisho. Aliyekataliwa na wengi kuliko wote alikuwa Justa mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na sare, hawakumtambua, wakamweleza yote: yule wa mbio ana mkono mwepesi, lakini mzee anasubiri shikamoo, yeye anampachika kipimajoto mdomoni.

Wiki ileile bodi ilikuwa inachagua metroni, mkuu wa wauguzi wote, na kila mtu alijua cheo ni cha Justa. Alikuwa amekisubiri miaka mingi na alikitaka kweli, hakuwahi kuficha. Majibu ya getini aliyasikia yeye peke yake. Angeyameza, nani angejua? Alisimama mbele ya kikao akaanza na jina lake, akasema kila neno aliloambiwa. Kisha alitoka akaenda kulia stoo ya mashuka. Bodi ikampa cheo mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata alianza kuzunguka wodi upya. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ng'ombe hawajambo, mvua imenyesha huko Usagara? Kazi ya nusu saa ikawa ya asubuhi nzima, nasi tukanung'unika kwamba chai inapoa. Lakini wagonjwa walianza kumwambia maumivu waliyokuwa wakiyaficha, na wengine walipona kwa sababu hiyo. Wauguzi wapya wote sasa huanzia kwake, na somo la kwanza ni kusalimia.

Cheo kile walinipa mimi, Tereza Shimba, ninayeandika haya. Wa kwanza kunigongea mlango na kuniita Metroni alikuwa yeye, na hajawahi kuniita jina jingine kazini. Nampenda kwa hilo, na nataka liandikwe.

Dada Justa, tunakushukuru kwa moyo wote. Magu ikupokee kwa furaha, mpunga wako ustawi, na miguu hiyo hatimaye ipumzike. Julai mosi wagonjwa watafika mapokezi na kukuulizia wewe, kama kawaida yao, na metroni wao bado hajui atawajibu nini.